Krapf alichekwa kwa kusema kuna theluji Mlima Kenya, lakini jamaa wa Embu alikuwa ameshaijua hiyo baridi

Wasee wa Embu na Meru, hii ni yenu.

Kama umewahi kuamka mapema Runyenjes ama Nkubu, saa kumi na mbili asubuhi kabla mawingu hayajafunga, unajua vile ule mlima hukaa. Juu mweupe, katikati mweusi, chini kijani. Kufika saa nne hivi umeshajificha, na watu wanaendelea na hasara zao za kawaida: shule, shamba, stendi ya mat, mzigo wa muguka ama miraa unaokimbizana na saa. Hakuna mtu anashangaa kwamba juu pale kuna barafu. Ni kitu cha nyumbani.

Sasa rudi nyuma hadi 1849. Kuna jamaa mmoja aliuona mlima huo huo akiwa mbali sana, akaandika kwamba umefunikwa na kitu cheupe na kwamba hicho kitu ni theluji. Wasomi wa London walimcheka mbaya. Kwao theluji na ikweta hazingeweza kukaa sentensi moja. Huyo jamaa anaitwa Johann Ludwig Krapf, na jina aliloandika kwenye daftari lake siku hizo ndilo liko kwenye kitambulisho chako leo.

Lakini hii stori ina mtu wa pili, na huyo vitabu vingi vya shule humruka. Anaitwa Rumu wa Kikandi, mtu wa Embu. Tutamfikia. Kwanza tumjue Krapf.

Kijana wa shamba na ramani yenye mapengo

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Kwao walikuwa wakulima, si matajiri. Akiwa mtoto wa miaka 11 hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakufanya, akalala kitandani karibu nusu mwaka. Hakuna simu, hakuna TV, kwa hivyo alisoma. Alipopona akapelekwa shule mjini, na huko ndiko ramani ya Afrika ilimshika akili. Upande wa Mashariki ulikuwa na majina machache sana. Mapengo tu. Yeye akataka kujua kuna nini pale ndani.

Weka hii kando kidogo, itatusaidia mbele: miaka 10 kabla Krapf azaliwe, mwaka wa 1800, mwanaastronomia William Herschel huko Uingereza alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, ukapasuka kuwa rangi za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto kwenye kila rangi. Halafu akaweka kingine nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu. Kumbe pale ndipo kilipanda zaidi. Alikuwa amepata mwanga wa joto usioonekana, ule tunauita leo mionzi ya infraredi.

Kwa hivyo Krapf alikuja duniani wakati sayansi ya mionzi ya joto ilikuwa bado inatambaa. Alikuwa mtu wa dini na lugha, si mtu wa maabara. Lakini maisha yake yote yalitembea sambamba na hiyo sayansi, na siku moja huko Ukambani zikagongana.

Mombasa, 1844: mwanzo mgumu sana

Krapf alisomea umisionari Basel, Uswisi, akasoma theolojia Tübingen, kisha akajiunga na Church Missionary Society ya Waingereza. 1837 akatumwa Ethiopia. Alikaa huko miaka kadhaa, na muda mwingi aliishi Shewa kwa mfalme Sahle Selassie, mpaka mlango ukafungwa akalazimika kutoka. 1842, huko Misri, akamuoa Rosine Dietrich.

Mapema 1844 wakafika Zanzibar. Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa watu wake wa pwani, na Krapf na mkewe wakahamia Mombasa. Haikuchukua hata miezi michache. Malaria iliingia nyumbani. Julai mwaka huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye mama akafa. Mtoto naye akafuata. Kaburi liko bara ya Mombasa, upande wa Nyali, na mpaka leo kuna ukumbusho huko.

Wengi wangeshika meli ya kwanza kurudi kwao. Krapf, akiwa bado mgonjwa, alibaki na kuendelea na kazi ya lugha. Alisoma Kiswahili, akaanza kutafsiri, akakusanya maneno. 1850 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Kabla mtaa haujaanza kuitesa hii lugha na Sheng, huyu jamaa alikuwa anaiandika neno kwa neno, akiwauliza wenyeji.

Kumbuka hiyo tabia ya kuuliza wenyeji, kwa sababu ndiyo ilimfikisha kwenye barafu.

Anafika kwa Kivoi

1846 mwenzake Johannes Rebmann alifika, wakafungua kituo Rabai, nyuma ya Mombasa. Mei 1848 Rebmann aliona Kilimanjaro, na akaripoti kwamba kilele chake ni cheupe kwa theluji. Kelele ikaanza Ulaya.

Novemba 1849 Krapf akatoka Rabai kwa miguu kuelekea Ukambani. Njiani aliiona Kilimanjaro kwa macho yake mwenyewe. Alipofika Kitui akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Kivoi hakuwa mtu wa kubahatisha. Misafara yake ilibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani, na alijua njia, mito na watu kuliko ramani yoyote ya Ulaya. Ni kutoka kwa Wakamba ambapo Krapf alisikia kuhusu mlima mweupe wa kaskazini.

Shida ni kwamba mawingu yaliufunika. Mpaka tarehe 3 Desemba 1849, anga ikafunguka. Krapf akaona kama pembe mbili kubwa zimesimama juu ya mlima mpana, na juu yake kitu cheupe. Kutoka Kitui hadi kilele ni zaidi ya kilomita 150. Bado weupe ulimfikia.

Wakamba waliita Kiinyaa. Wakikuyu husema Kirinyaga, Waembu Kirenyaa, Wameru Kirimaara. Krapf akaandika alivyosikia: Kenia, mahali pengine Kegnia. Mwaka wa 1920 Waingereza walipotaka jina la koloni, wakachukua la mlima. Ndio hivyo tukaitwa Wakenya, kwa sababu ya matamshi ya Kikamba kwenye daftari la Mjerumani.

Rumu wa Kikandi

Katika safari zake za Ukambani, Krapf alikutana na Rumu wa Kikandi, aliyetoka Embu, siku mbili tu za kutembea kutoka mlimani. Rumu alimweleza kwamba amefika kwenye mlima mara nyingi, lakini hajapanda juu sana. Sababu? Kule juu kuna kitu cheupe, akakiita kirira, na kinaleta baridi kali sana. Akaongeza kwamba hicho kitu cheupe hutoa maji bila kukoma, na maji yanashuka kutoka mlimani.

Soma tena polepole. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuona friji wala kipimajoto. Lakini ametoa ripoti kamili: rangi, joto lake, na tabia yake ya kuyeyuka. Hiyo ni data, na ilitolewa na mtu aliyekuwa pale.

Krapf mwenyewe aliitumia hivyo. Alikuwa pia ameona kwamba mito mingine Ukambani hufurika wakati wa mvua na kukauka kabisa kiangazi, lakini ile inayotoka upande wa mlima haikauki. Akaunganisha: weupe aliouona kwa macho, baridi aliyoieleza Rumu, mito isiyokauka. Jibu likawa moja: kule juu kuna barafu.

Mbona London walikataa?

Bingwa wa kupinga alikuwa William Desborough Cooley, msomi wa jiografia wa London ambaye aliandika kuhusu Afrika ya ndani bila kukanyaga Afrika. Alichukua maandishi ya zamani, akajenga ramani yake kichwani, na Rebmann na Krapf walipokuja na theluji, akawakataa hadharani. Hata baada ya Mjerumani Carl Claus von der Decken kupanda Kilimanjaro mpaka zaidi ya mita 4,000 mwaka wa 1862 na kunyeshewa theluji, Cooley bado alikataa.

Usimcheke haraka. Uliza watu 10 mtaani mbona kilele cha mlima ni baridi na kiko karibu zaidi na jua. Utaona vile wengi watakwama. Kwa hivyo tulia hapa tupange vitu vizuri.

Joto husafiri kwa njia 3. Ya kwanza ni kugusana: kijiko cha chuma kwenye chai ya moto kinakuchoma vidole. Ya pili ni kupanda na kushuka: maji ya sufuria yakichemka, yale ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Ya tatu ndiyo mionzi. Ukikaa mbele ya jiko la nyama choma, uso unawaka na hujagusa kitu, na upepo unaweza kuwa unavuma upande mwingine. Hilo joto limesafiri kama mwanga. Halihitaji hewa, halihitaji chuma. Ndiyo njia ya pekee ambayo jua linaweza kutufikia, kwa sababu kati yetu na jua kuna kilomita milioni 150 za anga tupu.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, hata wewe. Unakumbuka wakati wa Korona, askari wa supermaketi akikuelekezea kile kibunduki kwenye paji la uso? Hakikutoa kitu. Kilikuwa kinapokea infraredi inayotoka kwa ngozi yako na kuibadilisha kuwa namba. Mwili wa digrii 37 unang'aa, ni vile macho yetu hayajaundwa kuona mng'ao huo. Jua, lenye uso wa karibu digrii 5,500, linang'aa kwa mwanga tunaouona. Kadiri kitu kinavyozidi kuwa moto, ndivyo mionzi yake inazidi kuwa mingi na mawimbi yake mafupi.

Mwaka wa 1879, Josef Stefan wa Vienna alipata kanuni ya ile hesabu: ukihesabu joto kuanzia sifuri halisi, yaani digrii 273 chini ya baridi ya kugandisha maji, basi joto likiongezeka mara 2, mionzi inaongezeka mara 16. Krapf alikuwa mzee wa miaka 69 wakati huo.

Sasa turudi mlimani. Kupanda kilomita 5 kwenye safari ya kilomita milioni 150 si kukaribia jua. Ni kama kusogeza kiti inchi moja uwanjani ukisema uko karibu na mwezi. Kinachoamua ni hewa.

Mwanga wa jua hupita kwenye hewa bila kuipasha sana. Unagonga ardhi, ardhi inafyonza, inapata moto, na ndiyo inapasha hewa kutoka chini. Hewa hiyo ikipanda inapanuka, na ikipanuka inapoa. Kwa wastani unapoteza kama digrii 6.5 kila mita 1,000. Embu mjini ni karibu mita 1,350 juu ya bahari. Batian, kilele cha juu kabisa, ni mita 5,199. Tofauti ni mita 3,850 hivi, yaani karibu digrii 25. Kwa hivyo Embu ikiwa na digrii 20 za kawaida, Batian inaweza kuwa 5 chini ya sifuri. Ikweta inakatiza barabarani ukitoka Meru kuelekea Nkubu, na Batian iko kilomita 17 hivi tu kutoka kwenye huo mstari. Hesabu haijali.

Kuna kitu kingine. Ardhi usiku hurudisha joto angani kama infraredi. Mvuke wa maji na kaboni dioksaidi hushika sehemu ya hilo joto, kama blanketi. Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, alionyesha mwaka wa 1856 kwamba chupa yenye kaboni dioksaidi ikiwekwa juani hupata moto kuliko ya hewa ya kawaida. 1859 John Tyndall akaanza kupima zile gesi zenyewe maabarani London. Juu ya mlima hewa ni nyembamba na mvuke ni kidogo, kwa hivyo blanketi limetoboka. Watu wa Timau wanajua: usiku wa mawingu ni afadhali, usiku wa nyota nyingi ndio huuma mifupa. Zile nyota unaziona wazi kwa sababu hakuna kitu kinafunika, na joto lako linatoroka kupitia huko huko.

Halafu kuna neno ambalo ndilo moyo wa hii stori yote: albedo. Ni kipimo cha mwanga ambao kitu kinarudisha badala ya kufyonza. Theluji mpya hurudisha kama asilimia 80 mpaka 90. Mwamba mweusi hurudisha kidogo tu na kufyonza mwingine wote. Ndiyo maana shati nyeusi Isiolo saa saba mchana ni adhabu. Dunia nzima kwa wastani hurudisha kama asilimia 30.

Sasa ona. Krapf akiwa Kitui aliona mwanga ambao theluji iliukataa. Rumu akiwa mlimani alihisi baridi ya pale ambapo joto la huo mwanga halikubaki. Ni kitu kimoja, pande mbili. Mmoja aliona, mwingine alihisi, na ushahidi wao ulifungana kabisa. Cooley akiwa kwenye dawati lake London hakuwa na upande wowote.

Siku Kivoi alipouawa

1851 Krapf alirudi Ukambani. Alitaka kufungua kituo huko na kufika zaidi ndani. Agosti akaondoka na Kivoi na kundi la watu kuelekea mto Tana. Karibu na mto wakavamiwa. Kivoi akauawa, wengine wakatawanyika, na Krapf akabaki porini peke yake.

Njaa na kiu vikamkaba. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kubebea maji, basi akatia maji kwenye mkoba wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, akaziba na nyasi. Alitembea usiku, akajificha mchana. Alipofika kwa watu wa Kivoi, hali ilikuwa moto: baadhi ya jamaa walimlaumu kwa kifo cha mtu wao, akalazimika kutoroka tena gizani. Mwishowe akafika Rabai, amekonda, amechoka.

Mpango wa kituo cha Ukambani ukafa hapo. Na Kivoi, ambaye bila yeye hakungekuwa na ile asubuhi ya 3 Desemba, alizikwa pamoja na mengi aliyojua kuhusu njia za bara.

Miaka ya mwisho

Afya ilimsukuma Krapf nje ya Afrika Mashariki 1853. Alirudi 1862 kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kufungua kituo Ribe, na akaandamana kidogo na jeshi la Waingereza Ethiopia kama mkalimani kabla ugonjwa haujamrudisha tena. Miaka mingine alikaa Korntal, Ujerumani, akiandika: safari zake, kamusi, tafsiri. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881.

Miaka 2 baadaye, 1883, Mskoti Joseph Thomson aliuona Mlima Kenya kutoka Laikipia, akathibitisha theluji. 1887 Samuel Teleki alipanda mpaka zaidi ya mita 4,000. 1893 John Walter Gregory alifika kwenye barafu zenyewe. Na 13 Septemba 1899 Halford Mackinder na waongozaji wake wawili wakakanyaga Batian. Wakati huo kulikuwa na barafu 18 mlimani. Hakuna mtu alikuwa na la kubisha tena, ila Krapf hakuwepo kusikia.

Tusimfanye malaika. Kuhusu mito alipatia nusu. Alidhani mlima huu unalisha Nile, na hapo alikosea: Rupingazi, Thuci, Nithi na Kathita zote hatimaye huishia Tana, ambayo huenda Bahari ya Hindi. Tena leo tunajua kwamba maji mengi ya mito hiyo ni ya mvua inayonaswa na msitu na kushuka kupitia ardhini. Barafu huchangia sehemu ndogo. Hiyo ni habari njema kiasi, kwa sababu Tana ndiyo hugeuza mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Stima yako iko kwenye hiyo laini. Lakini pia inamaanisha msitu ukiisha, hakuna barafu ya kutuokoa.

Kitu cheupe kinaisha

Hapa ndipo hii si historia tena. Barafu kubwa zaidi ya mlima, Lewis, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani iliyotoka 2021 ilisema barafu ya Mlima Kenya inaweza kuisha yote mapema zaidi, takriban muongo mmoja kabla ya Kilimanjaro na Rwenzori. Kizazi chako ndicho kinaweza kuwa cha mwisho kuiona.

Na albedo iko kwenye hii kesi pia. Hewa ya milimani ikikauka, theluji mpya inapungua. Theluji mpya ikipungua, barafu ya zamani yenye vumbi inabaki wazi, nayo inafyonza jua zaidi. Ikiyeyuka, mwamba mweusi unatokea pembeni, unapata moto, unaikaanga barafu iliyobaki. Juu yake, lile blanketi la gesi ambalo Foote na Tyndall walilipima limeongezwa unene na makaa, mafuta na gesi tunazochoma duniani. Kila hatua inasukuma nyingine.

Siku hizi huhitaji kupanda kilele kujua haya. Satelaiti zinazunguka juu na kamera za infraredi, zinasoma joto la ardhi vile kile kibunduki kilisoma paji lako. Na Kenya ina historia yake kwenye hiyo mambo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kusoma eksirei kutoka anga za mbali. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo. Gesi yenye joto la mamilioni ya digrii hung'aa kwa eksirei, na Uhuru ilizisoma. Tarehe 15 Aprili 2023 ikaenda Taifa-1, satelaiti yetu wenyewe ya kupiga picha za ardhi, ikirushwa kutoka Marekani. Kutoka darubini ya Krapf mpaka hapo ni chini ya miaka 175.

Lakini satelaiti nayo bado inahitaji mtu wa chini. Picha itasema weupe umepungua. Haitasema mto wa kwenu ulikuwa na maji kiasi gani babu akiwa kijana, ni mwezi gani baridi ilikuwa inauma zaidi, ama ni wapi msitu ulikatwa kimya kimya. Hayo yako kwa wazee wa Manyatta, Chogoria na Imenti, na wengi wao hakuna mtu amekaa chini nao na daftari.

Krapf alikuwa na makosa yake, ila alifanya kitu kimoja sawa: alimuuliza mtu wa Embu, akaandika jibu, na akaweka jina lake. Cooley hakuuliza mtu yeyote. Zaidi ya karne na nusu baadaye, fizikia yote imemwangukia Rumu wa Kikandi upande wake. Kule juu kuna kitu cheupe, kinaleta baridi, na kinatoa maji.

Kesho ukiamka mapema na anga iko wazi, cheki mlima vizuri. Halafu muulize mzee wa kwenu weupe ulikuwa unashuka mpaka wapi zamani. Andika jibu. Na uandike jina lake.